Mpango mkakati upo, 5S ipo, foleni haipungui

Swali: Mimi ni katibu wa afya wa hospitali ya wilaya nchini Tanzania. Tuna mpango mkakati wa miaka 5, na idara zote zimetekeleza 5S (mbinu tano za kupanga mahali pa kazi), lakini mgonjwa wa nje aliyefika asubuhi bado huondoka alasiri. Je, dawa ni kuongeza watumishi?

Jibu: Ndugu Katibu, kazi mliyoifanya si bure, ila 5S, yaani kusasambua (kuondoa visivyohitajika), kuseti (kuweka kila kitu mahali pake), kusafisha, kusanifisha na kushikilia, ni hatua ya kwanza tu ya mfumo wa 5S-KAIZEN-TQM; KAIZEN ni maboresho madogo madogo ya kila mara, na TQM ni usimamizi wa ubora katika taasisi nzima. Hatua hiyo hupanga vizuri kila chumba. Muda wa mgonjwa, kwa kawaida, hupotelea kati ya chumba na chumba.

Kwa hiyo anzeni kwa kupima. Kila faili libanwe karatasi moja ambayo kila kituo, kuanzia mapokezi hadi dirisha la dawa, kitaandika saa mgonjwa alipofika, alipoanza kuhudumiwa na alipomaliza. John Little, mtaalamu wa Marekani wa hisabati za foleni, alithibitisha mwaka 1961 kwamba wastani wa idadi ya watu walio ndani ya sehemu ya huduma ni sawa na kasi ya kuingia kwao mara wastani wa muda wanaokaa. Kwa hiyo, ikiwa kwa kawaida mna wagonjwa 90 ndani na 30 huingia na kutoka kila saa, kila mmoja hukaa takriban saa 3, hata kama daktari humwona kwa dakika 8 tu.

Iangalieni maabara kwa makini. Mara nyingi sampuli husubiri hadi trei ijae, kisha majibu nayo hulala dirishani hadi mhudumu apite, na matokeo yake wagonjwa wote humrudia daktari kwa pamoja, wakaanzisha foleni ya pili ambayo hakuna aliyeipanga. Pelekeni sampuli chache chache kila baada ya muda mfupi, na majibu yatoke vivyo hivyo. Hilo halihitaji fedha, na ndilo ningelianza nalo.

Kuhusu mpango mkakati, lengo la “kuboresha huduma” halimwambii muuguzi afanye nini leo. Chagueni lengo moja lenye kipimo, kwa mfano mgonjwa wa nje amalize ndani ya saa 2, kisha kila idara ipewe nafasi ya kujibu inachoweza kuchangia na inachokwama nacho kabla uongozi haujalipitisha. Wajapani huuita utaratibu huo hoshin kanri. Takwimu ya jana iandikwe ubaoni na ijadiliwe katika kikao cha asubuhi.

Karatasi zikionyesha kwamba mtaalamu wa maabara ana kazi mkononi muda wote na foleni mbele yake bado inakua, andikeni ombi la mtumishi, na karatasi hizo ziwe kiambatisho.