Kwa wanaoingia chuo kikuu Kenya: uhuru wa kusema na karatasi zake

Siku ya kujisajili utapewa rundo la fomu, na moja kati yake husema umesoma na kukubali kanuni za nidhamu za wanafunzi. Wengi huitia saini wakiwa kwenye foleni, begi mgongoni, bila kukiona kijitabu chenyewe. Kiombe siku hiyohiyo na ukipige picha ukurasa kwa ukurasa, hasa sehemu ya mashtaka, rufaa na siku za kujibu. Mwanafunzi anayeitwa na kamati kwa sababu ya maneno yake mara nyingi huponzwa na tarehe aliyoikosa kuliko neno alilolisema.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 33, inakupa uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari na mawazo, na inautaja waziwazi uhuru wa kitaaluma na wa utafiti wa kisayansi. Kifungu hichohicho hakilindi propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki. Kwa hiyo unaweza kusema uongozi wa chuo umetumia vibaya pesa za hosteli, ukiwa na ushahidi. Ukitaja kabila la msimamizi na kuwaambia wenzako wamfukuze, umejivua ulinzi huo mwenyewe.

Darasani una haki ya kupinga hoja ya mhadhiri, ila ipinge kwa hoja: taja data, taja ukurasa. Ukihisi umepewa alama ndogo kwa sababu ya msimamo wako, omba karatasi isahihishwe upya kwa utaratibu wa idara, tena ndani ya muda uliowekwa. Kumshambulia kwenye kundi la WhatsApp la darasa kunampa yeye malalamiko na wewe unabaki bila yako. Ukifika wakati wa utafiti, pata kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, kabla ya kugawa dodoso hata moja. Uhuru wa kitaaluma haukutoi mikononi mwa chifu anayetaka kujua nani amekutuma kuwahoji watu wake.

Maandamano yana hesabu zake. Kifungu cha 37 kinaruhusu kukusanyika na kuandamana kwa amani, bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka mkuu wa kituo cha polisi apewe notisi si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla ya siku yenyewe. Notisi iwe na jina kamili na anwani ya mwandalizi, mahali au njia mtakayopita, na saa kati ya 12 asubuhi na 12 jioni. Peleka nakala mbili. Moja ibaki kituoni, nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo. Hiyo ni notisi, hamwombi ruhusa, na barua iseme hivyo: andika “tunawaarifu”, usiandike “tunaomba”.

Mitandaoni, chunga kidole. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 iliweka, katika kifungu cha 23, faini ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka 10 kwa anayechapisha habari anazojua ni za uongo ili kuzua taharuki. Ujumbe wa sauti usiojulikana umetoka kwa nani, usiusambaze.

Sasa barua ya kujieleza, yaani ile ya chuo inayokutaka ujibu shtaka la nidhamu. Huja kwenye baruapepe ya chuo, ile ambayo wengi hawaifungui tangu walipopewa, na chuo kikifungwa kwa ghasia ndiyo njia pekee itakayokufikia kijijini. Ifungue kila siku mbili. Barua ikija, usijibu usiku huohuo ukiwa na hasira. Soma shtaka: je, limetaja siku, mahali, maneno yenyewe na kanuni uliyovunja? Likisema tu “utovu wa nidhamu”, jibu lako la kwanza liwe kuomba maelezo hayo pamoja na nakala ya ushahidi. Kifungu cha 47 cha Katiba na Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya 2015 vinakupa notisi ya mapema, nafasi ya kusikilizwa, kuwahoji wanaokushuhudia na sababu kwa maandishi.

Kikao usikikose, hata ukiamini kamati imeshaamua. Asiyefika huamuliwa bila sauti yake, na baadaye ni vigumu kudai hakusikilizwa. Ukisimamishwa masomo, kata rufaa ndani ya chuo kwanza, kwa sababu sheria hiyo ya 2015 humtaka mtu amalize njia za ndani kabla ya kwenda Mahakama Kuu. Mpe nakala za kila barua mtu unayemwamini nje ya kampasi: ukinyimwa kuingia getini, na karatasi zako zikiwa ndani ya chumba cha hosteli, hutaweza kuandika rufaa hiyo.