Anwani Si Neno la Kuandika Tu Kwenye Fomu

Ndugu zangu wapendwa,

Mdogo wetu amepata nafasi ya kozi ya lugha hapa Leipzig, Ujerumani, na akifaulu anakusudia kuendelea na mafunzo ya uuguzi. Wiki iliyopita aliniomba jambo moja, kwamba ajisajili kwa anwani ya nyumba yangu ingawa atakuwa akilala kwingine, mahali ambapo hajapapata bado. Nilikataa. Tangu siku hiyo sijapumzika na lawama, na shangazi amenikumbusha kwamba mtu hasahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Neno hilo limenichoma, kwa hiyo naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kunihukumu.

Kwanza niondoe uvumi. Huko nyumbani bado watu wanazungumzia nafasi 250,000 za kazi ambazo eti Ujerumani imewatengea Wakenya. Makubaliano yalitiwa saini Berlin tarehe 13 Septemba 2024, hilo ni kweli, lakini wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani ilikanusha idadi hiyo papo hapo na kueleza kwamba makubaliano hayana idadi yoyote wala mgao. Njia imefunguliwa kwa mwenye ujuzi, lugha na karatasi zinazotakiwa. Hakuna anayewaambia vijana kwamba baada ya viza kuna swali gumu zaidi: utalala wapi, na je, mwenye nyumba atakubali kuandika kwamba unalala hapo?

Sheria ya usajili wa makazi, iliyoanza kutumika Novemba 2015, inampa kila anayehamia nyumba wiki mbili za kwenda ofisi ya mji kujisajili, jambo ambalo Wajerumani huliita Anmeldung. Unakwenda na fomu iliyotiwa saini na mwenye nyumba kuthibitisha kwamba umehamia kwake kweli. Ukitoka hapo una cheti cha ukurasa mmoja, na karibu kila kitu kinakisubiri cheti hicho: benki, kibali cha ukaazi, na namba ya kodi ya mapato yenye tarakimu 11, ambayo huja kwa posta tu.

Sasa nieleze jambo ambalo sijawahi kuwaambia. Nilipofika Berlin Oktoba 2021 nilikuwa na fedha za mwaka mzima zilizofungiwa katika akaunti maalumu, euro 10,332, na baadhi yenu mlizichangia. (Leo kiasi hicho kimefika euro 11,904, na mwanafunzi hutolewa euro 992 kwa mwezi.) Nilipata kitanda katika chumba cha mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa mpangaji na hakuwa na ruhusa ya kupangisha, kwa hiyo hakuthubutu kunisainia fomu. Benki nayo ikasema haiwezi kuniachilia hata senti moja bila cheti cha usajili. Baada ya wiki tano, nikiwa nimebakiwa na euro 600 mfukoni, nilimlipa mtu euro 350 aniuzie fomu yenye anwani ya nyumba ambayo sikuwahi kulala hata usiku mmoja. Nilijua ni kosa, na nililifanya.

Huku mpeleka barua hatosheki na namba ya nyumba. Husoma jina lililobandikwa kwenye kisanduku, na asipoliona barua hurudi ilikotoka. Nilikubaliwa kubandika kipande cha karatasi chenye jina langu chini ya jina la mwenyewe, katika ukumbi wenye visanduku 18 vya rangi ya kijivu, na kila Jumamosi nilisafiri dakika 50 kwa treni kwenda kukigandisha upya kwa sababu gundi iliachia kwa unyevu. Desemba ile, jua likichomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni, safari hiyo ndiyo iliyokuwa matembezi yangu ya wiki nzima. Jumamosi moja nilikuta karatasi yangu imebanduliwa, na mahali pake pana jina la mtu mwingine lililochapwa vizuri kwenye kibati. Nilibonyeza kengele nikabonyeza tena, hakuna aliyenifungulia. Barua mbili zilirudishwa: moja ilikuwa na kadi yangu ya benki, na nyingine ilikuwa ya kuniita kwa ajili ya kibali cha ukaazi. Habari za barua ya pili nilizipata kwa afisa, nilipokwenda mwenyewe kuulizia, viza yangu ikiwa imebakiza siku tisa. Alinipa karatasi ya muda. Nilipofika nje nililia, kisha nikawapigia simu nikasema mambo yanakwenda vizuri.

Kwa hiyo, shangazi, sikukataa kwa sababu nimesahau nilikotoka. Kumpa mtu anwani asiyoishi ni kosa ambalo faini yake inaweza kufika euro 50,000, na anayechelewa kujisajili naye anaweza kutozwa hadi euro 1,000. Hata hivyo, faini siyo iliyonizuia hasa. Sitaki mdogo wangu abandike karatasi kwenye kisanduku cha mtu.

Mdogo wangu, sasa ninasema nawe. Usichague mji kwa sababu umelisikia jina lake. Mimi nilichagua Berlin hivyo. München ina kazi nyingi, lakini kodi yake ya nyumba itakumaliza. Leipzig bado kuna nafuu, ingawa kila mwaka inapungua, na Chemnitz kuna nafuu zaidi. Katika mji mdogo unaweza kupata chumba ndani ya mwezi mmoja na ofisi ikakusajili haraka, kwa hiyo kama kozi yako ingepatikana huko ningekwambia uende huko bila kusita. Lakini nakiri pia kwamba mimi nisingeweza kukaa mahali ambapo basi la mwisho huondoka saa moja jioni na hakuna mtu wa kuniambia pole kwa Kiswahili.

Mtu akikutajia chumba, swali la kwanza liwe: je, nitaweza kujisajili hapa? Bei iulize baadaye. Na bei ukiiuliza, uliza kodi ipi, maana Wajerumani wana kodi baridi, ambayo ni ya kuta tupu, na kodi ya joto, ambayo imeongezwa gharama za kupasha nyumba moto na huduma nyingine, na mara nyingi umeme haumo hata katika hiyo ya pili. Amana kisheria haizidi kodi baridi ya miezi mitatu, na una haki ya kuilipa kwa awamu tatu za kila mwezi. Nyumba nyingi hupangishwa bila jiko, yaani hata sinki la kuoshea vyombo halimo, kwa hiyo tafuta chumba katika nyumba ya kushirikiana au bweni la wanafunzi, na uombe bweni leo, siyo ukishapata viza. Akitokea mwenye nyumba anayedai yuko nje ya nchi na kwamba atakutumia ufunguo kwa posta ukishalipa amana, huyo ni tapeli hata kama picha za nyumba zinapendeza.

Ukishasajiliwa utapokea barua ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi, hata kama huna televisheni. Usiitupe. Hutozwa nyumba moja ada moja, kwa hiyo mnaweza kugawana na wenzako.

Usimtegemee mtu wa kwetu kwa sababu tu ni wa kwetu, maana aliyeniuzia anwani ni Mkenya mwenzangu. Lakini aliyenitoa Berlin na kunipa chumba halali hapa Leipzig ni Mkenya pia, mwuguzi aliyenisikia nikizungumza kwenye treni na kuniuliza kwa nini sauti yangu inatetemeka. Sijui nikupe ushauri gani mmoja kati ya hayo mawili. Watafute, uwasalimie, na usimlipe yeyote kabla ya kuona mkataba.

Kuhusu ombi lako, jibu langu la anwani tupu halijabadilika. Ila Jumatatu nilimwandikia mwenye nyumba wangu barua nikiomba ruhusa ya kuishi na mtu wa pili kwa miezi sita, na nimemweleza kwamba ni ndugu yangu. Akikubali, utalala hapa kweli, kwenye kochi linalokunjuka karibu na dirisha, na jina lako nitaliagizia kibati. Bado hajajibu. Mpaka ajibu, tafadhali usikate tiketi.