Maswali yenu: Denver, Russell Wilson na hela iliyotoka kabla mpira haujarushwa

Meseji zimejaa na nusu yake ni Denver Broncos tu, timu ya NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, kwa sababu nimesema walikosea kumpa Russell Wilson mkataba mpya kabla hajawachezea, mpaka wakaja kumwacha na kubaki na dola milioni 85 kwenye hesabu. Wilson ni kwotabeki, yaani yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi. Haya, leo tuongee Denver mpaka mridhike, maana wengine mko huku huku Aurora, jirani na Denver, na kila siku mnapita barabara kuu ya I-25 mnauona ule uwanja, na wengine mko Nakuru na Mwanza mnakesha kuangalia NFL saa tisa usiku. Twende.

Kaka, hivi Denver walitoa nini hasa kumpata Russell Wilson?

Jamani. Hili nimeshalijibu si chini ya mara tatu na wiki hii limeulizwa na watu wanne. Machi 2022 waliwapa Seattle nafasi mbili za drafti (zamu za kuchagua wachezaji wapya kila mwaka) za raundi ya kwanza, mbili za raundi ya pili, moja ya raundi ya tano, halafu na wachezaji watatu juu yake: Drew Lock, Noah Fant na Shelby Harris. Wakapewa Wilson na nafasi moja ya raundi ya nne. Andikeni mahali.

Unawaonea Denver. Timu isiyo na kwotabeki ingefanya nini, ingekaa tu?

Dada, siwaonei, na swali lako ni zuri kuliko yote ya wiki hii. Mi naijua ile njaa. Peyton Manning alistaafu 2016 baada ya kuchukua Super Bowl ya 50, yaani fainali ya NFL, na kuanzia hapo Denver ikawa kila mwaka sura mpya, Siemian, Osweiler, Keenum, Flacco, Lock, Bridgewater, na hapo kuna wengine nimewaruka. Halafu kuna ile siku ya Novemba 29, 2020 dhidi ya New Orleans, makwotabeki wote wamezuiwa kucheza kwa mambo ya korona, ikabidi wamvalishe kazi hiyo Kendall Hinton, kijana mpokeaji wa pasi wa timu ya mazoezi. Akarusha pasi tisa, ikafika moja, yadi 13, mbili zikanyakwa na wapinzani. Niliangalia ile mechi mpaka mwisho na niliumia kwa ajili ya yule kijana, maana yeye hakukosa kitu, alitupwa tu kisimani akaambiwa ogelea.

Kwa hiyo kutafuta kwotabeki mkubwa ilikuwa sahihi, na Wilson hakuwa mtu wa mtaani, miaka kumi Seattle, Super Bowl moja mkononi, tena ile ya Februari 2014 aliyowafunga hao hao Denver 43 kwa 8. Mi lawama yangu kwao ni moja na nitalisema mpaka nizeeke. Wilson alipofika alikuwa bado na miaka miwili kwenye mkataba wake wa zamani. Miwili! Hakuna aliyekuwa anamkimbiza mtu. Wangeweza kumwangalia msimu mzima, waone bega, waone miguu, waone anavyoelewana na kocha, ndipo wafungue pochi. Wao Septemba 2022, kabla hajarusha hata pasi moja ya mechi ya ligi, wakamsainisha miaka mitano mingine ya dola milioni 242 na ushee. Yaani gari la mkononi umeshalinunua kwa bei ya kuuza shamba, hujaliwasha hata kulizungusha mtaani, unamrudia muuzaji unamwambia shika na hii nyingine.

Na usiniambie eti bei ingepanda. Ingepanda kama angecheza vizuri, na kama angecheza vizuri hakuna ambaye angelalamika kulipa.

Je kwotabeki ni sawa na namba kumi kwenye soka letu?

Hapana. Namba kumi akiamka vibaya timu bado inaweza kushinda kwa kona, kwotabeki akiamka vibaya mpira haufiki popote.

Mzee, Wilson aliisha mwenyewe au kocha Hackett ndiye aliyemmaliza?

Vyote, ila tuanze na kocha kwa sababu watu wanasahau haraka. Nathaniel Hackett ilikuwa mara yake ya kwanza kabisa kuwa kocha mkuu kwenye NFL. Mechi ya kwanza, Septemba 12, 2022, wapi? Seattle, nyumbani kwa zamani kwa Wilson, uwanja mzima unamzomea. Denver wakaangusha mpira mara mbili wakiwa yadi moja tu na mstari wa tachidauni (ule wa mwisho wa uwanja, ukiuvuka na mpira ndiyo bao kubwa), mara mbili, wakimbiaji wawili tofauti. Bado wakawa na nafasi ya mwisho, wanadaiwa pointi moja, wamebakiza yadi tano kupata majaribio mapya (timu ina majaribio manne ya kusogea yadi kumi), wana muda wa kusimamisha saa mara tatu na umemnunua kwotabeki kwa bei ya mbingu kwa ajili ya dakika kama hiyo hiyo. Hackett akaiacha saa ikimbie, sekunde zinayeyuka tunaziona, kisha akamtoa Wilson nje akamwita mpigaji Brandon McManus apige teke la yadi 64 kupitisha mpira katikati ya nguzo. Wakati ule rekodi ya ligi nzima ilikuwa 66. Likapita pembeni, 17 kwa 16, kwaheri.

Pale ndipo nilipoogopa. Kama humwamini mtu wako kwenye yadi tano, ile milioni 242 ulikuwa unanunua nini?

Wiki iliyofuata wako nyumbani na Houston na mashabiki wao wenyewe wakaanza kuhesabu saa kwa sauti, tano, nne, tatu, ili timu isichelewe kuanzisha mpira. Watu wamelipa tiketi wanafanya kazi ya benchi la ufundi. Hackett hakumaliza msimu, alifukuzwa Desemba 26, siku moja baada ya kupigwa 51 kwa 14 na Rams siku ya Krismasi, akiwa ameshinda 4 na kupoteza 11.

Sasa Wilson mwenyewe. Alikuwa anashikilia mpira sana, anasubiri pasi ndefu ya juu kama enzi zake, na miguu iliyokuwa inamtoa kwenye shida Seattle haikuwa ile tena. Msimu ule aliangushwa na mpira mkononi mara 55. Sehemu ni yeye, sehemu ni walinzi waliokuwa mbele yake, maana mlinzi wao mkubwa wa kushoto Garett Bolles alivunjika mguu Oktoba, mkimbiaji Javonte Williams goti lilikwenda wiki moja kabla yake, na mpokeaji Tim Patrick aliumia Agosti kabla ligi haijaanza. Timu ikamaliza na ushindi 5, ikapoteza 12, na wastani wa pointi 16.9 kwa mechi, ya mwisho kabisa kwenye ligi. Na hapa mnisikilize mnaomwangalia kwotabeki peke yake kila mwaka kama vile anacheza tenisi, mtu anayerusha anahitaji sekunde tatu, na zile sekunde tatu zinanunuliwa kwa watu watano wanene ambao hamjui hata majina yao.

Geno Smith, kwotabeki aliyemrithi Wilson Seattle, alikuwa bora kuliko Wilson?

Msimu wa 2022, ndiyo, kwa mbali. Seattle wakaingia mtoano na yule waliyesema ni wa benchi, akapewa tuzo ya mchezaji aliyerudi kwa kishindo.

Nyongeza ambayo hukuuliza: jinsi Denver walivyozidi kufungwa ndivyo zawadi ya Seattle ilivyozidi kunona, kwa sababu nafasi ya drafti inapanda kadiri timu iliyoitoa inavyokuwa mbovu. Ile ya 2023 ikaangukia namba 5 na Seattle wakamchukua Devon Witherspoon, ile ya 2022 ilikuwa namba 9 wakamchukua Charles Cross awe mlinzi wa kwotabeki. Umeona walivyotumia? Mlinzi kwanza.

Sielewi hiyo milioni 85 ya Wilson. Mtu ameshaondoka, inakuwaje bado yuko kwenye hesabu? Naomba ueleze taratibu.

Taratibu basi. NFL kila timu ina kikomo cha mishahara kwa mwaka na hakivukwi kirahisi, si kama soka la Ulaya ambako tajiri ana nafasi kubwa zaidi ya kumwaga. Ukimpa mchezaji bonasi ya kusaini, anaipokea mapema lakini kwenye vitabu unaruhusiwa kuigawanya miaka kadhaa ili mwaka huu ionekane ndogo. Ni kama kukopa dukani, unga unaula leo, daftari linakusubiri. Ukimwacha mchezaji kabla miaka haijaisha, kila kilichobaki kwenye daftari kinakuja mlangoni pamoja na mishahara uliyomhakikishia. Hiyo ndiyo pesa iliyokufa, inakula nafasi kwenye kikomo chako na hakuna mtu anayeichezea.

Wilson walipomwacha Machi 2024 ikawa milioni 85, wakaigawa kama 53 mwaka ule na 32 mwaka uliofuata. Rekodi ya juu kabla yao ilikuwa kama milioni 40, ya Matt Ryan na Atlanta. Wamepita mara mbili na zaidi! Na mwaka 2024 walikuwa wanadaiwa kumlipa milioni 39 za uhakika, kwa hiyo Pittsburgh wakamsaini kwa kima cha chini, milioni 1.2, zilizobaki akalipa Denver. Denver ikamlipa mtu avae jezi ya mwenzake.

Hesabu nzima, kama milioni 124 walizomlipa kwa mechi 30 alizoanza, ameshinda 11 amepoteza 19.

Halafu kuna kitu kingine ndani ya hili hili, na hiki kinanikera kuliko zile milioni. 2023 alikuja kocha Sean Payton (naye hakuja bure, walitoa nafasi ya raundi ya kwanza na ya pili kwa New Orleans) na Wilson akacheza vizuri tu, tachidauni 26, pasi nane tu zikanyakwa. Desemba zikiwa zimebaki mechi mbili akawekwa benchi, kwa sababu kwenye mkataba kulikuwa na milioni 37 za mwaka 2025 zenye kinga ya majeruhi, akiumia vibaya wanadaiwa. Wilson mwenyewe alisema walianza kumtishia benchi mapema zaidi, karibu na wakati walipowafunga Kansas City, wakitaka aifute ile kinga. Mnaona mkataba wa haraka unavyofanya? Unafika mahali timu inaogopa kumchezesha mchezaji wake mwenyewe.

Cleveland na Denver, nani alipigwa zaidi kwenye biashara ya kwotabeki?

Cleveland. Walimtoa Baker Mayfield, aliyewapa ushindi wa mtoano ambao hawakuwa nao tangu msimu wa 1994, wakatoa nafasi tatu za raundi ya kwanza wakampa Deshaun Watson milioni 230 zote za uhakika, wakati wanawake zaidi ya ishirini wameshamfungulia kesi. Akafungiwa mechi 11. Nilisema siku ile ile kwamba hata kama angeshinda kila mechi lile lilikuwa jambo la aibu, na narudia. Misimu yake mitatu ya kwanza alicheza mechi 19. Mayfield huyo akaenda Tampa Bay kwa mshahara mdogo wa mwaka mmoja na akarudi juu.

Na nyie mnaobeti mnaoniandikia "nipe mkeka wa Jumapili", mimi mikeka sitoi. Septemba ile ya 2022 kuna vijana nawajua waliweka hela ya kodi ya nyumba kwa Denver kwa sababu ya jina la Wilson tu. Acheni.

Bo Nix je, kwotabeki aliyekuja Denver baada ya Wilson, naye asainishwe mapema?

Bado! Alichukuliwa namba 12 drafti ya 2024, msimu wa kwanza tachidauni 29 za pasi, timu ikashinda 10 na kupoteza 7, na mtoano wa kwanza tangu ile Super Bowl ya 50. Nampenda. Mkataba wa kijana wa drafti ni nafuu na una miaka yake, uachwe ukimbie, na ile hela inayookolewa iende kwa wale watano wa mbele.

Mimi ni mgeni kwenye huu mchezo. Nianze na mechi gani nielewe mnacholalamikia?

Karibu sana mdogo wangu. Tafuta Denver na Indianapolis, Alhamisi ya Oktoba 6, 2022. Hutaona tachidauni hata moja, na watu utawaona wanatoka uwanjani kabla ya muda wa nyongeza, uvumilie hivyo hivyo. Denver wanaongoza 9 kwa 6, zimebaki dakika kama mbili, wako karibu na goli, wangeweza kupiga teke tu, Wilson anarusha na Stephon Gilmore wa Indianapolis anainyaka. Indianapolis wanasawazisha, kisha wanaongoza 12 kwa 9.

Halafu jaribio la mwisho. Yadi tano kutoka mstarini, wanahitaji moja tu kuendelea. Wilson anamtafuta mpokeaji wake Courtland Sutton, Gilmore huyo huyo anaupiga mpira chini, mechi imeisha. Ukifika hapo irudishe nyuma uitazame tena, safari hii usimwangalie Wilson wala mpira, mwangalie KJ Hamler, mpokeaji mwingine wa Denver. Yuko peke yake kabisa, hakuna mtu karibu naye, angeingia kwa kutembea. Kisha mwangalie anavyoivua helmeti na kuibamiza chini.