Maswali na majibu: Beaumont, Acadian na magari mengine yaliyozaliwa na ushuru wa Kanada

Safu iliyopita niliitaja Beaumont ya 1967, gari la General Motors lililoundwa kwa ajili ya soko la Kanada, kwa sentensi moja tu, nikaendelea na mengine. Sentensi hiyo imeniletea maswali kuliko safu yote iliyobaki. Wengi walioandika wanaishi Kanada, na wameona kwenye maonyesho ya kiangazi magari ya misuli (magari ya kawaida yaliyotiwa injini kubwa) yenye majina ambayo hata Mmarekani wa pale ng'ambo ya mto hayajui. Maswali yanayofanana nimeyaunganisha.

Nimeona gari lenye sura ya Chevrolet Chevelle kabisa, lakini limeandikwa Beaumont. Mwenyewe anasema ni la asili. Ananidanganya? (Msomaji, Scarborough)

Hakudanganyi, ndugu. Jibu la swali lako ndilo linalofungua maswali mengine yote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kabla ya 1965, gari lililotoka Marekani kuingia Kanada lilitozwa ushuru wa asilimia 17.5. Kampuni zikaona heri zijenge humohumo ndani: General Motors Oshawa, Ford Oakville, Chrysler Windsor, zote mkoani Ontario. Forodha haikuishia hapo. Kampuni kubwa iliyotaka kuingiza baadhi ya vipuri bila ushuru ilibidi ihakikishe asilimia 60 ya thamani ya magari yake inatoka Kanada au katika Jumuiya ya Madola. Na soko lenyewe lilikuwa dogo, wananchi hawakufika milioni 20.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mkubwa wa kiwanda pale Oshawa. Wauzaji wa Pontiac, chapa ya General Motors kama zilivyo Chevrolet na Buick, wanakulilia wapewe gari dogo. Marekani ipo Pontiac Tempest, yenye chesisi yake na injini zake. Ukitaka kuiunda Kanada uagize mitambo mipya kwa ajili ya magari machache. Ukiiagiza nzima, ushuru unaila faida. Unafanyaje? Unachukua Chevrolet ambayo tayari unaiunda, unaibadilisha uso na mgongo, unaibandika jina jipya, unawapelekea watu wa Pontiac wauze.

Acadian ilitokea hivyo, modeli ya 1962, juu ya mwili wa Chevy II, gari dogo la Chevrolet. Chevelle ilipoingia sokoni 1964, jina la Acadian Beaumont, ambalo awali lilikuwa cheo cha juu cha Acadian, likahamia juu ya mwili wake. Kuanzia 1966 jina la Acadian likaondolewa mbele yake na Beaumont ikasimama peke yake kama chapa kamili hadi 1969. Kwa hiyo si Chevrolet na si Pontiac, ingawa ilikaa ukumbi mmoja wa mauzo na Pontiac na Buick. Ukiikaribia utaona nembo yenye jani la mpo (maple), lile la bendera ya Kanada. Ukienda nyuma, taa si za Chevelle. Fungua mlango uketi: dashibodi iliyo mbele yako ni ya ndugu zake Tempest. Mlango wenyewe ulioufungua lakini ni wa Chevelle. Mie hunifurahisha sana hapo. Ni gari ambalo afisa forodha ana haki ya kutia sahihi kwenye mchoro wake.

SD 396 ndiyo ipi, na je, ina nguvu sawa na Chevelle SS? (Msomaji, Calgary)

SD ni Sport Deluxe, cheo cha juu cha Beaumont kilicholingana na SS ya Chevelle. Namba 396 ni ujazo wa injini kwa inchi za ujazo, yaani lita 6.5. Mwaka 1967 ungeipata yenye nguvu farasi 325 au 350. Injini ni ileile, giaboksi zilezile, ekseli ileile. Anayekuambia Beaumont ni dhaifu kuliko Chevelle, muulize udhaifu huo umeingilia wapi.

Wapo wanaoipuuza Acadian kwa kuwa ni ndogo. Shauri yao. Acadian Canso ya 1966 iliweza kuagizwa na V8 (injini ya silinda nane) ya inchi za ujazo 327 yenye farasi 350, ndani ya gari jepesi lenye sura ya mwalimu wa Jumapili. Ningepewa nichague moja kati ya yote yaliyotajwa leo, ningechukua hiyo na wala nisingerudi nyuma kutazama.

Nilinunua Pontiac Parisienne ya 1966. Fundi kafungua boneti, kaniambia injini ni ya Chevrolet na nimepigwa. Nimrudishie muuzaji? (Msomaji, Winnipeg)

Tulia kwanza, dada, usimfungie mtu kesi. Pontiac kubwa za Kanada, yaani Strato-Chief, Laurentian na Parisienne, zilitoka kiwandani zikiwa na chesisi na injini za Chevrolet. Mafundi wa kule wana jina lao la utani kwa mchanganyiko huo: Cheviac. Ungekuta humo injini ya Pontiac ya Marekani, hapo ndipo ungeanza kuuliza nani kaibadilisha.

Uthibitisho mzuri zaidi upo kwenye modeli ya 1959. Mwaka huo Pontiac ya Marekani ilitangazwa kwa kusifia magurudumu yaliyotanuliwa hadi ukingoni mwa bodi. Oshawa walichukua bodi hiyo pana wakaikalisha juu ya chesisi nyembamba ya Chevrolet. Simama nyuma ya gari hilo utazame: matairi yamezama ndani ya madigadi, kama mtu aliyevaa koti la kaka yake mkubwa.

Kwa upande wa misuli, tafuta 2+2, toleo la kimichezo la Pontiac kubwa. Marekani iliachwa baada ya 1967, Kanada iliendelea hadi 1970. Ila soma namba ya injini kabla ya kufungua pochi. Nyingine zilibeba 396 au 427, lakini nyingine ziliondoka Oshawa na V8 ndogo ya 283. Viti na nembo ni vya mwanariadha, mwendo ni wa mjomba anayekwenda dukani.

Na Chrysler nao walikuwa na vituko hivyo? (Msomaji, Windsor)

Walikuwa navyo. Valiant, ambayo Marekani ni Plymouth, Kanada ilikuwa chapa inayojitegemea na iliuzwa na wauzaji wa Plymouth na wa Dodge pia, zote chapa za Chrysler. Kwa hiyo Barracuda za mwanzo ziliuzwa huko kama Valiant Barracuda, bila neno Plymouth popote. Ukikuta Barracuda ya 1965 isiyo na maandishi ya Plymouth, usidhani yameng'olewa. Pia waliunganisha uso wa Valiant na bodi ya Dodge Dart wakauza bila haya.

Fundi wangu hapa Nairobi ana injini ya Ford anayoiita 351W, na anasema ni ya Kanada. Kweli?

Kweli kabisa. W ni Windsor, Ontario, ilikojengwa kuanzia modeli ya 1969. Mwenzake 351C ni wa Cleveland, Ohio. Ujazo ni mmoja lakini ni injini mbili tofauti, vichwa vya silinda havifanani. Ukiagiza spea usiseme 351 tu ukanyamaza, utaletewa mzigo wa kukalia.

Kwa nini magari haya yaliisha? (Msomaji, Ottawa)

Yaliuliwa na sahihi mbili. Tarehe 16 Januari 1965 Waziri Mkuu Lester Pearson na Rais Lyndon Johnson walitia sahihi mkataba wa magari, nyumbani kwa Johnson huko Texas. Ushuru kati ya viwanda vya nchi hizo mbili ukaondoka. Oshawa ikaweza kuunda aina chache kwa wingi na kuuza pande zote, na gari lililoundwa Ohio likaweza kuuzwa Toronto bila adhabu. Hakukuwa na sababu tena ya kulipia Beaumont taa zake za pekee. Mwaka 1970 wauzaji wa Pontiac wa Kanada walipewa Pontiac LeMans mahali pa Beaumont. Acadian ilijikokota hadi 1971.

Kiuchumi mkataba ulikuwa neema kwa Ontario, sina ubishi. Kwa mpenzi wa magari ulikuwa msiba.

Nimepata Beaumont SD 396 inauzwa. Nitajuaje kwamba si Beaumont ya kawaida iliyovalishwa nembo? (Msomaji, Hamilton)

Hapa Kanada imewashinda Wamarekani. Mtu wa Ohio mwenye Chevelle SS mara nyingi hana pa kwenda kuthibitisha gari lake lilitoka vipi kiwandani. Hubaki kutegemea karatasi iliyosahauliwa chini ya kiti au juu ya tangi la mafuta. General Motors ya Kanada iliyatunza majalada yake. Unawapelekea namba ya chesisi, unalipa ada, unaletewa hati inayoonyesha gari liliondoka na injini gani, giaboksi gani, rangi gani na lilipelekwa kwa muuzaji yupi. Wanafanya hivyo kwa magari yao yaliyouzwa mara ya kwanza ndani ya Kanada.

Muuzaji akikwambia hati haina haja kwa sababu yeye analijua gari tangu utoto wake, mwambie na wewe unaipenda hati tangu utoto wako.

Namba ya chesisi nayo ina maneno. Kwenye magari ya General Motors ya miaka hiyo, alama ya saba inataja kiwanda: 1 ni Oshawa, 2 ni Sainte-Thérèse kule Quebec. Lakini usichanganye mambo. Baada ya mkataba wa 1965, Oshawa iliunda Chevelle nyingi zilizouzwa Marekani. Alama ya 1 inakwambia gari lilizaliwa wapi tu. Liliuzwa wapi, hilo ni swali la hati.

Kutu. Naogopa kutu. Nianzie wapi kuikagua? (Msomaji, Montreal)

Una haki ya kuogopa. Barabara za mashariki mwa Kanada humwagiwa chumvi majira yote ya baridi, na chumvi haina heshima kwa nguvu farasi.

Anzia kwenye buti. Toa zulia, toa tairi la akiba, mulika tochi kwenye sakafu, hasa pembeni inaposhuka nyuma ya magurudumu. Kisha njoo kwenye kioo cha nyuma. Maji hukaa kwenye mfereji chini ya kioo, yakatoboa polepole na kudondokea humohumo kwenye buti. Ndiyo maana mtu hubadilisha sakafu na baada ya miaka mitatu imeoza tena. Gari likiwa na paa la vinaili, bonyeza kwa kidole kuzunguka kioo. Ukisikia kitu kinasagika kama mchele mkavu chini ya ngozi ile, hiyo ni kutu inakuitikia.

Baada ya hapo liinue, ulale chini. Chesisi ya Beaumont huoza kuanzia kwenye magurudumu ya nyuma kwenda mwisho wa gari. Gonga kwa mpini wa bisibisi na usikilize: chuma kizima hulia, kilichokufa hutoa mlio mfu. Sumaku yenye kitambaa laini ipitishe kwenye bodi chini ya dirisha la nyuma. Isiponata, hapo pamezibwa na kupakwa rangi.

Milango, vioo, breki na injini visikutie hofu, vya Chevelle vinaingia na vinaundwa upya hadi leo. Grili, taa za nyuma na nembo za Beaumont ndivyo vitakavyokunyima usingizi. Gari lenye injini iliyokufa lakini lenye vitu hivyo vitatu vizima ni bora kuliko gari linalonguruma lisilo navyo.

Tangazo la zamani la Kanada linasema gari linakwenda maili nyingi kwa galoni kuliko tangazo la Marekani la gari hilohilo. Uongo wa wafanyabiashara? (Msomaji, Dar es Salaam)

Galoni ndiyo imekuchezea. Kanada ilitumia galoni ya Kiingereza, lita 4.55. Ya Marekani ni lita 3.79. Gari ni lile, kipimo ni kingine.

Nikinunua moja, naweza kulileta Mombasa? (Msomaji, Edmonton)

Kaka, kwa utaratibu wa kawaida Kenya haisajili gari la usukani wa kushoto, isipokuwa magari ya kazi maalumu, na gari lililotumika halipaswi kuzidi umri wa miaka minane. La kwako lina zaidi ya hamsini. Tanzania nako gari kuukuu linakungojea na ushuru wa uchakavu. Liache Edmonton, uwe unalifuata likizo.

Jambo moja tu litakalokupoza. Oshawa iliwahi kuunda Pontiac za usukani wa kulia. Kwa kuwa Kanada ilikuwa ndani ya Jumuiya ya Madola, magari yake yalipata nafuu ya ushuru katika nchi nyingine za jumuiya hiyo, ndiyo maana Laurentian na Parisienne zilifika Australia, New Zealand na Afrika Kusini, nyingi zikiwa vipande vya kuunganishwa huko.

Siku hizi Kanada bado inaunda magari ya misuli? (Msomaji, Brampton)

Unaniuliza kutoka Brampton kwenyewe! Dodge Challenger iliundwa mjini kwako tangu 2008 hadi Desemba 2023, pamoja na Charger. Camaro iliundwa Oshawa kuanzia 2009 hadi 2015 ilipohamishiwa Lansing, Michigan. Kabla ya hapo, Camaro na Firebird zote za 1993 hadi 2002 zilitoka kiwanda kile cha Sainte-Thérèse, kikafungwa mwaka huohuo zilipokwisha. Hizi zote ziliuzwa kwa jina lilelile Montreal na Miami, kwa hiyo usitafute jani la mpo kwenye nembo. Tazama namba ya chesisi: ikianza na 2, gari liliundwa Kanada.