Jibu: Kihariri cha kuandikia C kwenye Ubuntu, laptop ya RAM GB 4

Mkuu, umeuliza kama VS Code, kihariri cha msimbo, itafaa kujifunzia lugha ya C kwenye Ubuntu, laptop ya RAM GB 4. Itafunguka, ila imejengwa juu ya Electron, yaani inabeba kivinjari kizima (Chromium) ndani yake. Ukiiweka pamoja na kivinjari chenye tabo kadhaa, mashine hiyo itaanza kukwama.

Ningekushauri kihariri cha Geany. Ni nyepesi na haikulazimishi kuunda mradi: unafungua faili moja, unaandika. F9 inajenga programu, F5 inaiendesha. Kosa likitokea, unabofya ujumbe wake hapo chini na inakupeleka kwenye mstari wenyewe. Kwa anayeanza C hilo ni jambo kubwa sana. Weka kwa pamoja Geany, build-essential (ina kikompaila gcc, kinachogeuza msimbo kuwa programu), gdb ya kutafutia makosa, na Vim, kihariri cha ndani ya terminali:

sudo apt install geany build-essential gdb vim

Kisha, na hapa nasisitiza, zoea pia kukompaili kwa mkono kwenye terminali:

gcc -Wall -g hesabu.c -o hesabu

Usiiache -Wall, ndiyo inayowasha maonyo. Ukiandika if (x = 5), yaani kuweka thamani, ukimaanisha == ya kulinganisha, C inakubali tu, lakini kwa -Wall utapewa onyo. Hiyo -g ndiyo inayoiwezesha gdb kukuonyesha mstari ambapo programu ilianguka.

Vim jifunze taratibu kwa amri ya vimtutor, maana ukiingia kwenye seva ya mbali kwa ssh (kupitia terminali) mara nyingi hukuti dirisha la kubofya. CLion na Eclipse ni nzito, ziache kwanza. Ukiongeza RAM hadi GB 8, rudi kwenye VS Code au VSCodium (toleo lake huria), na uweke kiongezi cha clangd, kinachokuonyesha makosa ya C unapoandika.