Kwa mnaokuja kupima miti kwenye mashamba yaliyoachwa Tabora

Wadogo zangu mnaopangiwa Sikonge, Urambo au Kaliua kupima pori linalorudi kwenye mashamba ya tumbaku, nina ombi moja kabla hamjafungua tepu. Mtafuteni aliyelima shamba lile, au jirani aliyeliona likilimwa, mkae naye. Msimwulize tu aliliacha mwaka gani. Mwulizeni visiki aliviacha au aling'oa.

Jibu hilo lina uzito kuliko umri wa pori. Miti mikuu ya miombo, pori la asili la huku, yaani mtundu, muyombo na muba, hurudi zaidi kwa kuchipua kwenye visiki na mizizi kuliko kwa mbegu. Maganda yake hupasuka kwa kishindo na kurusha mbegu, lakini haziendi mbali na mti mama. Shamba lililolimwa kwa jembe la mkono, visiki vikabaki vimesimama, mizizi yake huwa hai chini muda wote wa kilimo, na likiachwa tu mtundu unainuka. Shamba lililopigwa trekta au plau mwaka baada ya mwaka mizizi imekatika, na hapo inayotangulia ni miti iitwayo mzima na mlama, ambayo mbegu zake zina mabawa na hupeperushwa na upepo. Ng'ombe wakipita sana utakuta pia mkulagembe, kwa sababu wanakula maganda yake na kuzisambaza mbegu kwa kinyesi.

Mkiwa Urambo muwe na tahadhari zaidi. Mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza uliingia huko mwishoni mwa miaka ya 1940 na mashine nzito za kung'oa miti na mizizi, ukasitishwa mwaka 1951. Mashamba mawili yanayofanana kwa macho yanaweza kuwa na historia tofauti kabisa chini ya udongo. Ukiyaweka kwenye jedwali moja kwa sababu tu yote "yana miaka kumi na tano", umeharibu kazi yako kabla ya kuianza.

Kwenye kupima, kisiki kimoja kinaweza kutoa mashina sita. Huo ni mti mmoja. Pima kila shina kwa kipenyo cha usawa wa kifua, mita 1.3, lakini uyaandike yote chini ya namba moja ya mti. Pale mashina yalipotengana kidogo, fukua udongo kwa mkono uone kama yameungana kwenye mzizi. Inachosha, najua, lakini bila hivyo utaripoti mitundu mingi iliyozaliwa upya ambayo kwa kweli ni miti ya zamani iliyorudi.

Mninga unahitaji subira. Mche wake hukauka juu kila kiangazi kwa miaka kadhaa huku mzizi ukinenepa chini, ndipo siku moja unapanda moja kwa moja. Ukija Septemba, majani yamedondoka na nyasi zimeungua, utaandika sifuri mahali penye miche mingi. Njoo mvua zinapokatika, mwezi wa Mei hivi, majani yakiwa bado yapo na moto haujapita.

Waulizeni pia akina mama wanaookota uyoga wakati wa mvua. Uyoga mwingi unaoliwa hapa unaishi na mizizi ya mtundu, muyombo na muba, na miti hiyo hutegemea uhusiano huo ili ipate lishe vizuri kwenye udongo wetu maskini. Mama akikwambia kwenye shamba fulani uyoga umeanza kuonekana tena, andika. Hiyo ni taarifa kamili, iwekwe kwenye fomu pamoja na vipimo vingine.

Sasa kuhusu idadi ya aina. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu misitu ya Amerika ya Kati na Kusini ulionyesha kwamba baada ya miaka 20 idadi ya aina za miti ilikuwa imefikia asilimia 80 ya msitu wa zamani, lakini mchanganyiko wa aina zenyewe ulifikia asilimia 34 tu. Huko si miombo, na namba hizo msizihamishie Sikonge. Kinachofaa kuchukuliwa ni namna ya kuuliza: aina ngapi zimerudi, na je, ndizo zilizokuwepo? Shamba lenye aina thelathini za miti ya vichakani bila mtundu wala mninga halijarudi kuwa msitu uliokatwa kukaushia tumbaku kwenye mabani, yaani vibanda vya kukaushia kwa moto. Kwa hiyo pimeni pia kipande cha msitu ambao haukulimwa, karibu na shamba hilohilo na kwenye udongo wa aina ileile, la sivyo hamtakuwa na cha kulinganisha.

Majina ya Kinyamwezi andikeni kama mzee anavyoyatamka, kisha kausheni tawi lenye majani, na tunda likipatikana, kwa kila aina msiyo na uhakika nayo. Jina moja linaweza kubeba aina mbili, na kijiji cha pili kikawa na jina jingine.