Wadogo zangu wa atelye, "jana ilipita" si ukaguzi

Ninyi mnaoanza staji mwaka huu hapa Lubumbashi, nimesoma daftari la zamu la mwezi uliopita. Ukurasa baada ya ukurasa, kwa miandiko tofauti, nimekuta maneno yaleyale: "inavuja kidogo, sawa". Pompa ileile, joenti ileile. Nikamwuliza mmoja wenu kwa nini hakuisimamisha. Akanijibu kwa heshima zote: "Yaya, juma lililopita pia ilivuja, na hatukupata shida." Kila kundi linalokuja lina mtu wa kunipa jibu hilo, na kila mara nawajibu kwa kisa cha Florida, mwaka 1986.

Makufuli, kofia na fomu ya ruhusa ya kazi mnavijua, sitarudia. Haya mengine nayatoa kwenye historia ya safari za anga za juu, kwa sababu huko kosa la fundi huchunguzwa hadi boliti ya mwisho na ripoti nyingi huachwa wazi kwa yeyote anayetaka kusoma.

1. Kinachovuja kidogo kina habari ndani yake.

Challenger kilikuwa chombo cha Marekani cha kupeleka watu anga za juu. Roketi zake mbili za pembeni zilikuwa za vipande vilivyounganishwa, na kila kiungo kilizibwa kwa joenti mbili za mpira za mviringo, ndugu wa hizi tunazopaka grisi kabla ya kuzilaza kwenye mfereji wake. Unene wake ulikuwa milimita 7 hivi, lakini zilizunguka roketi yenye kipenyo cha mita 3.7 na kutakiwa kuzuia gesi ya moto isipite. Novemba 1981, katika safari ya pili tu ya vyombo hivyo, joenti moja ilirudi imeliwa na moto. Wasanifu walikuwa wamesema moto usiiguse kabisa. Lakini wanaanga walirudi salama. Ikaliwa tena safari nyingine, wakarudi salama tena. Pole pole kuliwa kwa joenti kukawa jambo la kawaida, lenye kiwango chake kinachovumilika. Januari 1985, baada ya siku za baridi kali, walifungua viungo wakakuta masizi meusi katikati ya joenti ya kwanza na ya pili. Gesi ilikuwa imeshaipita ya kwanza. Kiungo siku ile kilikuwa na digrii 12. Roger Boisjoly, injinia wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi hizo, aliyaona masizi hayo kwa macho yake. Julai mwaka huohuo akawaandikia wakubwa wake kwamba jambo hili likiachwa, watu watakufa.

Asubuhi za mwezi wa saba hapa Katanga mnazijua. Bomba la mpira la kompresa linakakamaa, halikunjiki hadi jua lipande. Mpira wenye baridi hauwahi kurudi kwenye umbo lake, na joenti isiyowahi kurudi inaacha upenyo.

Usiku wa 27 Januari 1986 ulifanyika mkutano kwa simu kati ya Utah, Alabama na Florida. Utabiri ulisema baridi ya kugandisha maji. Mainjinia wa Thiokol wakasema: chini ya digrii 12, msirushe. Watu wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani lenye chombo hicho, hawakupendezwa, wakadai ushahidi. Hapa ndipo panaponiuma kila ninaposimulia. Desturi ilikuwa kwamba anayetaka kurusha ndiye anayeonyesha kuwa ni salama. Usiku ule mzigo uligeuzwa: mainjinia wakatakiwa waonyeshe kuwa ni hatari, nao hawangeweza kwa hakika, kwa kuwa hakuna aliyewahi kurusha katika baridi ile. Thiokol wakaomba dakika 5 za kujadiliana wenyewe, zikafika kama 30. Boisjoly na mwenzake Arnie Thompson waliinuka wakaenda mezani kwa wakubwa, huyu na mchoro wa kiungo, yule na picha za masizi, wakaeleza upya. Hawakusikilizwa. Jerry Mason, mmoja wa wakubwa wa Thiokol, akamwambia Bob Lund, mkuu wa uinjinia, avue kofia ya injinia avae ya meneja. Lund akabadili kauli. Allan McDonald, mwakilishi wao kule Florida, alikataa kutia sahihi, hivyo karatasi ikasainiwa Utah na kutumwa kwa faksi.

Asubuhi hewa ilikuwa digrii 2 hivi. Sekunde moja haijatimia tangu kuwashwa, kamera zikanasa moshi mweusi kwenye kiungo cha roketi ya kulia. Kwenye sekunde ya 73 chombo kikasambaratika. Wakafa watu 7, mmoja wao Christa McAuliffe, mwalimu wa shule.

Sasa sikieni hili vizuri, kwa maana ni la daftari. Ushahidi uliodaiwa usiku ule ulikuwepo. Walikuwa wametazama safari zenye joenti zilizoharibika tu, zile ambazo zilirudi nzima wakaziweka kando. Tume ya uchunguzi ilipozipanga safari zote 24 pamoja, ilionekana wazi: zote 4 zilizorushwa kwenye digrii 18 au chini zilikuwa na dalili za kuungua, na kati ya 20 zilizorushwa kwenye joto zaidi ni 3 tu. Kwa hiyo andikeni hata siku ambayo pompa haikuvuja. Andikeni saa, joto la hewa na presha. Na shefu akikuambia uthibitishe kwamba itaharibika, mwambie kwa adabu kwamba anayeomba kuwasha ndiye mwenye kuthibitisha. Wapo watakaokasirika. Mje kwangu.

2. Kipande kikikataa kuingia, weka nyundo chini.

Tarehe 2 Julai 2013 roketi ya Kirusi ya Proton iliruka kutoka uwanja wa Baikonur, Kazakhstan, ikiwa na satelaiti 3, ikapinduka angani na kuanguka karibu na uwanja. Vihisio vitatu vya kupima mzunguko vilikuwa vimefungwa juu chini. Vilikuwa na mshale wa kuonyesha juu, na bamba la kufungia lilikuwa na pini za kuzuia visiingie vibaya. Wachunguzi walikuta alama za kulazimishwa kwenye chuma. Fundi alisukuma mpaka vikaingia, na waliokuja nyuma yake kukagua hawakuona. Juzi nimeona mtu anapiga kichwa cha vana kwa nyundo ya mpira. Akaniambia imekaza. Nikamwomba aigeuze. Ikaingia kwa vidole viwili.

3. Namba bila kipimo chake haijaandikwa. Chombo cha Mars Climate Orbiter, kilichotumwa na NASA kwenye sayari ya Mars, kilipotea 23 Septemba 1999 kwa sababu programu ya upande mmoja ilitoa nguvu kwa pauni na upande wa pili ukazisoma kama nyutoni. Ninyi mna manometa za bar na za psi kwenye ukuta mmoja.

4. "Tunajaribu tu" ni kazi kamili. Tarehe 27 Januari 1967 wanaanga wa Marekani Grissom, White na Chaffee walikufa kwa moto ndani ya chombo cha Apollo 1, kikiwa bado chini ardhini, kwenye roketi isiyo na mafuta. Kwa vile haikuwa na mafuta, jaribio halikuwekwa kwenye orodha ya kazi za hatari. Lakini ndani kulijaa oksijeni tupu yenye presha kuliko hewa ya nje, na mlango ulifunguka kuelekea ndani. Presha ya moto ikaubana. Kabla ya jaribio lolote, ufungue mlango mwenyewe na kuufunga.

5. Mkubwa akija kutazama, mwendo wa kazi usibadilike. Oktoba 1960 Marshali Nedelin, mkuu wa jeshi la makombora la Kisovieti, alikaa kwenye kiti karibu na kombora la R-16 likitengenezwa huku limeshajazwa mafuta, maana walitaka lirushwe kabla ya sikukuu ya Mapinduzi. Injini ya hatua ya pili ikawaka juu ya vichwa vyao. Wakafa makumi ya watu, na yeye mwenyewe. Hapa kwetu Katanga, wakati ule ikiitwa Shaba, kampuni ya Kijerumani ya OTRAG ilirusha roketi ya kwanza Mei 1977, na iliyokwenda kombo ni ile ya 5 Juni 1978, Mobutu akitazama. Chuma hakijui nani ameketi jukwaani. Wageni wakija, wapelekeni mbali na mashine, wapewe viti na maji.

6. Wasiwasi wako uutume kwa aliye na uwezo wa kusimamisha kazi.

Januari 2003 kipande cha povu gumu kilidondoka kutoka kwenye tangi la Columbia, chombo cha aina ileile ya Challenger, na kugonga bawa la kushoto. Povu lilikuwa limedondoka safari nyingi kabla, kwa hiyo halikuwashtua wakubwa, miaka 17 baada ya Challenger. Mainjinia waliomba picha za bawa, wakanyimwa. Rodney Rocha, injinia wa NASA, aliandika barua pepe yenye maneno makali, akaichapa, akamwonyesha mwenzake, na hakuituma juu. Tarehe 1 Februari watu 7 walikufa juu ya Texas. Uchungu wa Rocha nauelewa: alikuwa ameshaulizia na kujibiwa hapana, na kupita juu ya mkubwa wako si jambo dogo, huko wala hapa. Basi mimi nawapa ruhusa mapema. Ukijibiwa hapana mara mbili, nipigie simu, hata usiku wa manane, hata kama shefu wa zamu amenuna. Namba iko mlangoni mwa atelye, chini ya ratiba.